Kuvuta tela la mawese kwa Hilux 2.8: injini sina neno nayo, ila kusimama…

Nafanya biashara ya mawese hapa Kigoma. Mzigo nauchukua vijijini kando ya ziwa, mwingi unaishia Kasulu, na kila nikipata oda nzuri napeleka Tabora. Kwa miaka mingi nilivuta tela kwa Hilux ya zamani yenye injini ya 5L (hilo ni jina lake, si lita tano), dizeli isiyo na tabo, yaani kile kifaa kinachoisindilia injini hewa. Gari halikuwa na makuu, kila fundi analijua. Lakini likiona mlima na tela liko nyuma, unarudi gia ya pili, malori yanakupita, nawe unatazama mshale wa joto kuliko unavyotazama barabara.

Sasa nina miezi saba na Hilux 2.8 otomatiki, lile toleo lililotoka mwaka 2020. Ajabu ni kwamba injini yake ni ndogo kuliko ya zamani: cc 2,755, wakati 5L ni cc 2,986. Ila inatoa nguvu za farasi 204 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 500 (Nm ndicho kipimo chake), na ile ya zamani haifiki hata nusu ya toki hiyo. Wauza magari hupenda kutaja farasi. Wewe mwenye tela uliza toki, tena uliza inapatikana kwenye mizunguko mingapi. Hii inaitoa yote kuanzia mizunguko 1,600 hadi 2,800 kwa dakika, yaani palepale gari linapong'oka na mzigo, hakuna haja ya kuipigisha kelele. Hilux hii hii mpya ikiwa ya gia za mkono ina Nm 420. Hilo nililijua baadaye. Otomatiki niliichukua kwa sababu ya goti langu tu.

Kingine ni hewa. Ziwani tuko kwenye mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, Tabora ni kama 1,200, na Kasulu nako ni kupanda. Injini isiyo na tabo kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyoipungukia. Yenye tabo inasindiliwa hewa, kwa hiyo mlima haiusikii sana. Safari ya kwanza ya Kasulu nilipanda na madumu 80 huku naongea na kijana wangu kama tuko sebuleni.

Barabara ilipoanza kushuka, kwenye mteremko wa kwanza, mazungumzo yalikwisha.

Piga hesabu nami. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo kama 18, ukiweka na dumu lenyewe 19. Mara 80 ni kilo 1,520. Tela tupu ni kilo 500 hivi. Jumla tani mbili. Muuzaji aliniambia gari linavuta tani tatu na nusu, na hakudanganya, ila alimeza nusu ya sentensi: hiyo ni kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki mwisho ni kilo 750. Langu lilichomelewa gereji ya mtaani, matairi mawili na bodi, breki hakuna. Tena vijana walirundika madumu nyuma kwa kuwa ndiko kuna mlango. Kichwa cha tela kikawa chepesi, kikainua tako la gari, na nilipofika kilometa 80 kwa saa tela likaanza kutikisa mkia. Mguu wangu ulitaka kukanyaga breki kwa nguvu. Nashukuru sikukanyaga, niliachia mafuta, nikashika usukani ukiwa umenyooka, likatulia lenyewe. Kijana hakusema neno mpaka tulipofika Kidahwe, njiani.

Nilisimamisha biashara wiki tatu. Nikafunga ekseli yenye breki, zile ambazo tela likisukuma gari, fimbo inarudi nyuma na kuzikaza. Madumu sasa tunaanza kupanga mbele na juu ya ekseli, ili kama asilimia kumi ya uzito wa tela ikalie kwenye kiungio, pale tela linaposhikana na gari. Pesa ilinitoka, lakini ningekuwa na akili ningeitoa kabla ya kununua gari.

Gia otomatiki nayo ina adabu yake. Ukiiacha kwenye D, inapojichagulia gia yenyewe, mlimani inahangaika kati ya tano na sita, na kuhangaika huko kunachemsha oili ya giaboksi. Mimi naweka S, inayoniruhusu kuizuia gia nitakayo, nashikilia ya nne, na kwenye mteremko naiacha injini izuie gari. Oili ya giaboksi nabadilisha mapema, kwa sababu kuvuta ni kazi ngumu.

Mafuta: bila tela napata kama kilometa 11 kwa lita, na tela saba, upepo ukiwa mbele sita. Injini hizi haziipendi dizeli chafu, kwa hiyo dizeli ya kwenye madumu ya barabarani siitaki hata kwa bei ya bure.

Ile ya zamani sijaiuza. Inabeba madumu matupu hapa hapa Kigoma, kutoka Mwanga hadi Kibirizi, bila tela.