Kununua AKM ya easofti: tikisa mtutu kwanza

Malalamiko ya wanunuzi wa AK za easofti, yaani bunduki za mchezo zinazoiga AK halisi na kupiga gololi za plastiki, yanafanana. Bunduki ilipiga vizuri mwanzoni, baada ya michezo michache gololi zinatawanyika, masafa yamepungua, springi imebadilishwa na hakuna kilichopona. Springi haina kosa. Mara nyingi mtutu umelegea pale unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi na idadi ya gololi kwenye magazini utaambiwa na muuzaji yeyote. Hili la mtutu hawalisemi.

Kipande kinachoshika mtutu kinaitwa tranioni, kiko ndani ya mwili, mbele ya magazini. AK halisi iliyopokelewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1949 ilianza na mwili wa bati, utengenezaji ukasumbua, ikabidi mwili uchongwe kutoka kipande kizima cha chuma. AKM, toleo lake jipya la 1959, ilirudi kwenye bati la unene wa milimita 1, ila safari hii tranioni ya chuma ilifungwa kwa ribiti, mtutu ukashindiliwa humo na kuzuiwa kwa pini. Bati jepesi liliwezekana kwa sababu ya tranioni imara.

Nakala nyingi za easofti za bei ya chini zina tranioni ya aloi ya zinki, na mtutu umebanwa kwa skrubu ndogo mbili tu. Zinki ni laini. Ukianguka kifudifudi na bunduki mara moja, nyuzi za skrubu zinachubuka. Mtutu wa nje ukicheza unavuta mtutu wa ndani, ule gololi inamopita. Chumba cha hopapu (kifaa chenye mpira unaoipa gololi mzunguko ili ifike mbali) kinapinda, na nozeli ya giaboksi, yaani sanduku la gia na pistoni linalosukuma hewa, haikai sawasawa kwenye mpira huo. Hewa inavuja pembeni, tena kwa kiasi tofauti kila mpigo. Ndiyo maana gololi moja inafika na inayofuata inaanguka njiani.

Kabla ya kulipa, toa magazini. Mkono mmoja ushike mwili, mwingine ushike mtutu mbele ya mbao za kushikia, kisha zungusha na sukuma juu na chini. Ukisikia "tik", rudisha. Halafu chukua sumaku ndogo, igusishe kwenye tranioni (inaonekana kupitia tundu la magazini), kwenye bloku ya gesi (kipande kilichovikwa kwenye mtutu mbele ya mbao) na kwenye kilengeo cha mbele. Chuma kitaishika, zinki na alumini hazishiki. Kama kuna kipima kasi, zima hopapu, piga gololi 10 za gramu 0.20. Mipigo ikitofautiana kwa zaidi ya mita 5 kwa sekunde, hewa inavuja mahali.

Kati ya kampuni zinazotengeneza AK za easofti, ya kwanza kwangu ni LCT, kwa modeli ya LCKM, na sioni haya kuipendelea. Mwili ni bati la chuma, mbao ni mbao kweli, vipande vya mbele vimefungwa kwa pini za chuma. Ukishika sehemu ya mbele na kuikunja kwa nguvu, hakuna kinachojibu. Mpira wa hopapu wa kiwandani ni wa kawaida mno, ubadilishe mapema. Ni kazi ya dakika chache na gharama ndogo. Mwili mbovu huwezi kuubadilisha kirahisi hivyo.

E&L inaifuata kwa karibu sana, nayo ni ya chuma. Tahadhari ni moja: kuna mfululizo wa Platinum na wa Essential, na Essential ndio wa bei ya chini. Wapo wauzaji wanaopiga picha ya mmoja na kutuma mwingine, kwa hiyo dai jina la mfululizo kwa maandishi.

Ya tatu ni AKM ya GHK, inayotumia gesi. Haina giaboksi, na bolti (kipande cha ndani kinachosogea mbele na nyuma) inarudi nyuma kwa nguvu kila unapopiga. Ila kwenye baridi shinikizo la gesi linashuka, na magazini zake ni nzito na ghali. AK ya umeme ya zamani ya Tokyo Marui ina hopapu nzuri kuliko zote hizi, lakini mwili wake ni plastiki, kwa hiyo naiweka ya nne.

CM.048 ya kampuni ya CYMA inafaa kwa mwenye bajeti ndogo, mradi siku ya kwanza utoe skrubu za mtutu, uzisafishe kwa spiriti, utie gundi ya skrubu ya nguvu ya kati na ukaze kwa mkono bila kulazimisha. Za plastiki za bei ya chini zaidi, ziache.

Kinachoudhi ni matangazo. Zinki inaitwa chuma, na kila kitu kinaitwa AK-47. AKM ina kibonyeo kidogo juu ya magazini, kifuniko cha juu chenye matuta na ncha ya mtutu iliyokatwa mshazari. AK ya kuchongwa ina kifuniko laini. Muuzaji asiyeona tofauti hiyo anakutoza nyongeza ya "maboresho" ambayo ukifungua giaboksi ni springi ngumu zaidi tu, inayokula gia na pistoni huku mtutu ukiendelea kucheza. Mwombe video fupi akiuzungusha mtutu bila magazini, na sumaku ikiwa kwenye tranioni.