Ekstensheni ya Kompyuta Nyumbani: Ipi Ununue Ukiwa Lamu au Malindi

Nyumba nyingi za zamani za Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti kabla stima haijafika, na chumba kizima mara nyingi kinategemea soketi moja. Basi ekstensheni moja inabebeshwa kompyuta, feni, friji, chaja za simu, na asubuhi birika la chai. Kwetu birika ndilo lililotutia hasara. Nilisikia harufu ya plastiki, nikagusa plagi ikanichoma vidole. Nilipoichomoa, tundu lilikuwa limegeuka hudhurungi ukingoni, kama mkate uliosahauliwa juu ya jiko.

Tatizo lilikuwa waya. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, ambayo kwa volti 240 ni wati 3,120. Lakini waya mwembamba wa milimita mraba 0.75 hubeba kama ampea 6 tu, yaani wati 1,440. Birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8: fyuzi haikatiki, waya ndio unaoungua. Kompyuta haina makosa hapo. Laptopu hula wati 65 hivi, na ya mezani ya kawaida haifiki 300. Kwa hiyo birika, pasi na friji viende kwenye soketi ya ukutani, hata kama itabidi kupokezana.

Sasa ununuzi. Kwa kompyuta ya mezani naweka mbele UPS, kisanduku chenye betri kinachoendelea kutoa umeme stima ikipotea. Ndogo tu, ya 650 VA. Hizo si wati 650. Nyingi hutoa chini ya 400, zinazotosha kompyuta na skrini kwa dakika chache, uhifadhi kazi uzime kwa utaratibu. Ichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni. Printa ya leza usiiunganishe nayo, maana ikianza kupata moto huvuta umeme mwingi mno. Muulize muuzaji kama betri inabadilishika.

Nafasi ya pili, na kwa mwenye laptopu ndiyo ya kwanza, ni AVS, kifaa cha kulinda dhidi ya volti mbaya, pamoja na ekstensheni ya kawaida iliyo imara. AVS hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi, na stima ikirudi husubiri kidogo kabla ya kuuachia. Haiinui volti zilizo chini. Kazi hiyo ni ya stabilaiza. Lakini stima inapopotea na kurudi mara tatu jioni moja, kule kusubiri ndiko kunakookoa vifaa.

Ya tatu ni ekstensheni yenye kinga ya umeme unaoruka ghafla. Wengi wangeipa nafasi ya juu zaidi. Mimi naishusha kwa sababu kinga hiyo hutegemea sana waya wa athi, ule unaoupeleka umeme ardhini, na katika nyumba kongwe athi mara nyingi haipo au imekatika. Mwite fundi aipime kwanza. Tena kinga huchakaa kila inapopokea mruko. Taa yake ikizimika, imebaki ekstensheni tu.

Ya nne, ekstensheni ya kawaida peke yake: inafaa ikiwa waya wake ni wa milimita mraba 1.25 au 1.5, maandishi yake yamo kwenye ganda la waya. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Fungua plagi hapo hapo dukani, muuzaji mwaminifu hatakataa: uone fyuzi, na nyaya tatu, kahawia, buluu na ya kijani yenye mstari wa manjano. Zikiwa mbili, ile pini ya tatu ni pambo. Rudisha.

Zile za matundu yanayopokea plagi ya kila aina usinunue kabisa. Hushika pini kwa ulegevu, na pini iliyolegea hupata moto.

Karibu na bahari kuna la ziada. Hewa ya chumvi huzipaka pini za shaba utando wa kijani. Chomoa, futa kwa kitambaa kikavu, piga msasa laini kidogo, kila baada ya miezi michache. Na ekstensheni itundikwe ukutani, mbali na maji ya kupigia deki.