Emajensi ya watoto nyota nne, chumba cha vidonda nyota moja

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke na lake: emajensi yao nawapa nne kati ya tano, chumba cha kufungia vidonda nawapa moja na hiyo moja ni kwasababu kina feni. Ni hospitali binafsi huku upande wa Temeke, jina naliacha mana mengine nitakayoandika sio mazuri na sitaki mtu akapoteze kazi kwa ajili yangu. Mimi nauza kwenye duka la dawa muhimu kwahiyo habari za panado na watoto nazijua kidogo, na ndo mana nimeangalia vitu ambavyo pengine mwingine angevipita.

Mwanangu ana miaka mitatu, alivuta sufuria ya chai ikammwagikia mkono wa kulia na kifuani. Majiko yetu ya mkaa si yanakaa chini, kimo cha mtoto kabisa. Tukampeleka bombani tukawa tunammwagia maji ya kawaida kama dakika 20 hivi, sio barafu, na hapo nilikuwa napigana na jirani mmoja ameshika dawa ya meno na mwingine anasema leteni yai. Sikupaka kitu. Nikamfunika na khanga safi tukaingia kwenye bajaji.

Sasa mnajua zile hospitali zetu, unafika mtoto analia unaambiwa mama kaanze kaunta, fungua faili, kadi ya bima iko wapi, lete risiti, na mtoto muda wote huo yuko begani anaungua moyo wewe na yeye. Hawa hapana. Nesi wa mlangoni alituona tu akatuvuta ndani, akampandisha kwenye mizani, kilo 14, akaandika kwa kalamu kwenye plasta akambandika mtoto begani, halafu swali la kwanza likawa "mlimpaka nini?" Nikasema maji tu. Akasema ahsante mama, wewe ndo wa kwanza leo. Baba yake ndo alitumwa kaunta, na dawa haikumsubiri arudi.

Halafu akatoa kadi ina sura sita zimechorwa, ya kwanza inacheka inaandikwa 0, ya mwisho inalia machozi inaandikwa 10, katikati zinapanda mbili mbili. Akamuuliza mtoto, baba, wewe unaumia kama nani hapa? Mtoto huku anatetemeka kwikwi imembana akaweka kidole kwenye ile inayocheka. Yani sura nzuri ndo aliitaka! Nikajua hapa tumekwisha, wataandika sifuri tutakaa benchi. Nesi akacheka kidogo akairudisha mfukoni, akaniambia hii wanasema kuanzia miaka mitatu lakini wengi wa umri huo wanachagua tu picha wanayoipenda, ngoja nimuangalie mwenyewe.

Akasimama pale anamtazama kama dakika nzima. Anachoangalia ni vitu vitano: uso umekunjamana au vipi, miguu imelegea au anarusha mateke, mwili umetulia au anajipinda, kilio, na ukimbembeleza ananyamaza au ndo kwanza. Kila kimoja sifuri mpaka mbili, jumla 10. Akasema nane. Akaandika 8 na saa pembeni yake, na hiyo saa naomba muikumbuke.

Kilichofuata nilikuwa nakisoma tu sijawahi kukiona. Ketamini ya puani, dawa ya kukata maumivu makali na kulaza mtu usingizi. Sirinji haina sindano, mbele ina kitu kama kisponji kidogo, unaweka tundu la pua unasukuma kwa nguvu inatoka kama mvuke, nusu huku nusu huku, basi. Hakuna kumkamata mtoto watu wanne kumtafuta mshipa ndo aanze kupata nafuu. Mshipa walikuja kuutafuta baadae akiwa ametulia, na panado ya maji wakampa kwa kipimo cha kilo zake. Dakika 30 nesi akarudi BILA KUITWA, akaangalia vile vitu vitano tena, akaandika 3 na saa. Huku kurudi ndo nyota ya nne imetoka hapa, mana dawa kupewa ni jambo moja, mtu kuja kuangalia kama imefanya kazi ni adimu mno hapa mjini.

Kitanda cha pembeni kulikuwa na binti wa kama miaka tisa ana seli mundu, kalala kimya kabisa anaangalia ukuta. Mimi kwa macho yangu ningesema huyu hana shida, wangu ndo anakufa. Kumbe yule ndo alikuwa anaumia kuliko wote pale, mama yake ananiambia dada huyu akinyamaza hivi ujue imezidi, amejifunza kwamba akilia mwili unakaza anaumia zaidi. Kwa watoto wa seli mundu maumivu yakiwapanda miongozo ya nje inataka dawa ya nguvu iingie ndani ya saa moja tangu anafika, wengine wanasema nusu saa. Yule walimpa mofini. Mama anasema kuna sehemu alishawahi kuambiwa mtoto wako ameshazoea dawa, anajifanyisha. Mtoto wa miaka tisa anajifanyisha!

Na mimi nilimuuliza dokta hiyo mofini si ile ya wagonjwa wa saratani wa Ocean Road? Mana kwa akili zetu mofini ni saratani na saratani ni kuaga. Hakunicheka. Akasema ni dawa ya maumivu makali ya mtu yeyote, kwa kipimo sahihi na kwa siku chache mtoto hawi teja, cha kuchunga ni pumzi tu, ndo mana kabanwa kile kimashine cha kidoleni cha kupima oksijeni, na dawa ya kuikata nguvu hiyo mofini ipo kwenye droo. Nikaona droo, ikafunguliwa nikaonyeshwa. Dokta kijana lakini ana heshima.

Kusafisha kidonda walimuwekea ketamini tena, safari hii kwenye dripu. Kabla hawajaanza walinipanga: mama usishtuke, macho atayaacha wazi na yatakuwa yanachezacheza, anaweza kutoa sauti, na akizinduka anaweza kutapika. Na kweli macho yalikuwa wazi yanacheza, kama wasingeniambia ningepiga yowe mpaka Mbagala wasikie. Nesi mmoja kazi yake ilikuwa kumuangalia mtoto na kimashine tu, hashiki pamba wala nini. Ketamini imependwa nchi zetu kwa miaka mingi mana mtoto kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe, sio kwamba haina hatari. Akazinduka, akatapika kweli, akaomba juisi.

Haya, malalamiko. La kwanza dogo, karatasi ya kuondokea imeandikwa paracetamol 1x3 basi. Moja nini? Kijiko? Kopo? Kwa wanaonunua dukani kwangu wote ni kijiko kimoja, na sirapu nyingi hapa ni miligramu 120 kwa mils 5. Mtoto wa kilo 14 anahitaji miligramu 15 kwa kilo, piga hesabu ni 210, yani karibu mils 9. Ukimpa kijiko kimoja umempa nusu na kidogo halafu unasema dawa za siku hizi feki. Na isizidi mara nne kwa siku, na usome chupa mana kuna za 250 kwa mils 5, hapo kipimo kinabadilika. Brufeni nayo nzuri akiwa ameshakula, ila kama ana homa ambayo haieleweki na dengi inazunguka kama ile 2019 usiiguse. Asprini mtoto hapana.

La pili ndo kubwa. Kubadilisha bandeji unapelekwa jengo jingine, ghorofa ya juu, na huko ni kama hospitali nyingine kabisa. Hakuna kadi, hakuna kuulizwa anaumiaje, hakuna dawa. Bandeji imegandia anaivuta kavu, hata maji ya chumvi ya kulowanishia mpaka niombe. Mtoto analia anaambiwa "mwanaume halii" na mimi naambiwa mama shikilia miguu. Nikauliza mbona chini mlimpa dawa, nikajibiwa hiyo ya chini ni emajensi, hapa ni kufunga tu. Ngozi ile ile, kidonda kile kile! Na sasa hivi akiona gauni jeupe lolote, hata la muuza nyama, anajificha nyuma yangu.

Nilienda kwa metroni, akaandika, akasema atalifanyia kazi, namba yangu akachukua. Mpaka naandika hapa hajapiga. Kwahiyo kama na wewe unatumwa ghorofani, mpe mtoto panado ya kilo zake nyumbani kama saa moja kabla, sema mlangoni kwamba unataka bandeji ilowanishwe kwanza, na wakikukatalia shuka chini emajensi umuulizie nesi wa mlangoni, mara ya mwisho yeye ndo alipanda na sisi.