Mnara wa Taa wa Ras Serani, Mombasa: nendeni jioni, na msilipie kupanda

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wakazi wenzangu wa Nairobi wanaouziwa ziara za Mombasa zenye ahadi ya kuuona mnara wa taa kutoka ndani. Wakala aliyeniuzia ziara yangu, ambaye ana ofisi katikati ya jiji letu, alinihakikishia kwamba ningepanda hadi juu na kuitazama bahari nikiwa kando ya taa yenyewe. Tulifika jua likiwa la utosi, mlango umefungwa, na hapakuwa na mtu yeyote wa kutupokea. Dereva aliunyoshea mnara kidole kutoka garini, akatupa nafasi ya kupiga picha, kisha akatuharakisha kuelekea Fort Jesus. Nilipolalamika niliahidiwa punguzo katika safari ijayo, jambo ambalo sikuliomba wala silihitaji.

Jioni nilirudi peke yangu kwa tuktuk, na hapo ndipo nilipopata thamani ya safari.

Mnara huu, ambao kwa macho ya mtalii ni mfupi na wa kawaida kabisa, bado uko kazini. Upande wa bahari kuu Mombasa imekingwa na mwamba wa matumbawe, na meli inayokwenda bandari ya Kilindini haina budi kupitia mlango uliomo kati ya miamba hiyo. Usiku nahodha haoni mwamba, anaona taa tu. Minara ya taa hutofautishwa kwa mpangilio wa kuwaka na kuzimika ambao umeandikwa katika vitabu vya mabaharia, hivyo anayehesabu sekunde hujua yuko mbele ya pwani ipi. Katika milango myembamba kama huu hutumika pia taa za jozi, moja ikiwa mbele na chini, nyingine nyuma yake na juu zaidi. Zikionekana zimepandana wima, chombo kiko kwenye mstari. Ile ya juu ikionekana imesogea kulia kwa ile ya chini, meli nayo imekwenda kulia mno na inapaswa kurudishwa. Hata leo, enzi ya setilaiti, utaratibu huu una faida kwamba hauhitaji chochote isipokuwa macho. Laiti wakala angenieleza haya badala ya kuniahidi ngazi.

Mandhari ya jirani ni ya kuvutia kuliko mnara. Barabara ya Mama Ngina, ambayo zamani iliitwa Azania Drive, imekarabatiwa ikawa bustani ya umma, na sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa mwaka 2019 zilifanyika hapo. Nilifurahi kuona kwamba mibuyu mikongwe iliachwa isimame. Upande mmoja unaelekea kivuko cha Likoni, upande wa pili ni bahari wazi, na kati yake kuna njia ya maji ambayo meli hupita karibu mno na nchi kavu. Nikiwa nimeketi ukingoni, meli ya makontena iliingia polepole huku tagi, yaani mashua za kuvuta meli, zikiisindikiza. Niliweza kusoma maandishi yaliyo kwenye makontena na kumwona baharia aliyeegemea reli akitutazama sisi tuliokuwa tukimtazama. Watoto waliinuka wote kupunga mikono. Taa ilikuwa imekwisha kuwaka, ingawa sidhani kama kuna aliyeigeukia.

Wenyeji huja hapo kula. Mama niliyenunua kwake alikiinua kipande cha muhogo kutoka kwenye jiko la makaa, akakipasua katikati kwa kisu, akachovya nusu ya ndimu katika pilipili iliyochanganywa na chumvi, kisha akaipitisha ndani ya ule mpasuko hadi majimaji yakaingia. Kwa dafu la kushushia, bei ilikuwa ndogo kuliko ya chai katika mkahawa wowote wa Westlands. Ninaloweza kulaumu ni uchache wa mapipa ya taka, kwani vifuu vya madafu vilikuwa vimerundikwa chini ya mti.

Anayetoka Nairobi kwa treni ya asubuhi hufika Miritini, kwenye stesheni ya Mombasa, alasiri, akapata matatu ya kwenda mjini na kuwahi machweo bila ya wakala yeyote. Jumapili viti vya bustanini hujaa mapema. Wakati wa kusi upepo huwa mkali na mawimbi hupiga jabali kwa nguvu, kwa hiyo wenye watoto wadogo wawashike mkono wanapokaribia ukingo, na wenye kamera waziepushe na rasharasha za maji ya chumvi. Anayetaka historia ya minara kwa kina atakosa bango la kumweleza lolote, na hilo ni pengo ambalo wahusika wangeweza kuliziba kwa gharama ndogo.

Mahali penyewe ninapapa nyota nne kati ya tano. Wakala ninampa moja, na hiyo ni kwa sababu gari lake lilikuwa safi.