Jellyfin kwa video za ukoo: uzoefu wangu hapa Moshi

Kama una eksteno iliyojaa sendofu, ubatizo, kipaimara, misiba na Krismasi za nyumbani, naipendekeza Jellyfin bila kusita. Ila usiiache ilivyo baada ya kuisakinisha. Kuna mambo mawili ya kubadilisha kabla hujaingiza hata video moja, na kuna kazi moja ambayo hakuna programu itakayokufanyia, nayo ni kujua nani ni nani.

Kwa asiyeifahamu, Jellyfin ni seva ya video unayoiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ilianza mwishoni mwa 2018, pale Emby, programu nyingine ya namna hiyo, ilipoacha kuweka msimbo wake wazi, na baadhi ya waendelezaji wakauchukua ule wa zamani wakaendelea nao. Ni ya bure, haikudai akaunti ya mtandaoni, na ukiwa nyumbani video zinapita kwenye Wi-Fi ya ndani tu, kwa hiyo bando haliguswi. Kwenye simu unafungua kivinjari, unaandika anwani ya kompyuta ikifuatiwa na :8096, unaangalia.

Jambo la kwanza la kubadilisha ni utafutaji wa mtandaoni. Ipo aina ya maktaba ya video za nyumbani, lakini mimi nilichagua ile ya filamu kwa sababu ina sehemu ya waigizaji, ambayo nitaieleza. Maktaba ya filamu hutafuta taarifa kwenye TheMovieDb, tovuti ya taarifa za filamu. Faili likiitwa "Harusi" au "Christmas 2009", inaweza kulibandika jina na picha ya filamu ya watu wengine kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya maktaba, ondoa tiki kwenye vyanzo vyote vya mtandaoni.

La pili, kwenye mipangilio hiyohiyo, sehemu ya kuhifadhi taarifa, weka tiki kwenye Nfo. Hapo kila unachoandika kinahifadhiwa pia kwenye faili dogo la maandishi, kando ya video yenyewe, lenye jina lilelile. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuichagua. Programu niliyokuwa nayo awali, ya kulipia, ilifungia kila kitu kwenye hifadhidata yake. Kompyuta ilipokufa, video zilibaki, majina yakaenda. Faili la NFO linafunguka hata kwa Notepad, na Kodi, programu nyingine ya kuangalia video, inalisoma pia. Binamu yangu wa Arusha alinakili folda zetu kwenye kompyuta yake yenye Kodi, akaziingiza, na majina yote yakatokea bila yeye kuandika neno.

Sasa waigizaji. Kila mtu anayeonekana kwenye video namwandika pale, na kwenye nafasi ya uhusika naandika alikuwa nani siku ile: bibi harusi, mshenga, aliyekata ndafu, mpiga tarumbeta. Ukibonyeza jina la bibi yetu wa Kibosho zinatokea video zake zote, kuanzia kanda za VHS hadi za simu. Mama aliziangalia jioni nzima, akawa ananiambia, "Mwanangu, huyo aliyekaa nyuma ni shangazi yako, mwandike naye."

Lakini chagua jina moja kwa kila mtu, ulishike. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo, ana jina la Kichaga, na akishazaa anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ukichanganya, Jellyfin itamhesabu mtu mmoja kuwa watu watatu. Na usiandike "Mama Mdogo" kwenye nafasi ya jina, kwa sababu mama mdogo wako ni dada wa mtu mwingine na bibi wa mwingine tena. Jina kamili liende kwenye jina, udugu uende kwenye maelezo.

Tarehe ndizo zilizonichosha zaidi. Video iliyopita WhatsApp huwa imepoteza taarifa zake za asili, na tarehe iliyo kwenye jina lake, mfano VID-20210612-WA0003, ni ya kutumwa au kupokelewa, si ya kupigwa. Kanda iliyohamishwa inabeba tarehe ya kuhamishwa, kwa hiyo harusi ya miaka ya tisini inajipanga pamoja na za juzi. Hata faili safi la MP4 lina mtego, kwa kuwa kwa kanuni saa yake huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma ya saa zetu. Kipande kilichopigwa saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, watu bado wanacheza, kinasomeka saa tano usiku wa Jumamosi. Na ukikuta video inayodai ni ya 1904, haikuandikwa tarehe yoyote: mfumo wa QuickTime, ambao MP4 imetokana nao, unahesabu muda kuanzia 1 Januari 1904. Mimi naangalia kwanza kwa ExifTool, programu ya kusoma taarifa zilizo ndani ya faili, kisha naandika tarehe sahihi kwa mkono, na mwaka nauweka mwanzoni mwa jina la folda.

Upungufu upo. Jellyfin haina njia nzuri ya kuhariri video nyingi kwa mara moja. Unafungua moja, unaandika, unahifadhi, unakwenda nyingine, na kwa maktaba kubwa hiyo ni kazi ya kukatisha tamaa. Kusahihisha jina lililokosewa kwenye mafaili mengi natumia Notepad++, inayoweza kutafuta na kubadilisha neno ndani ya folda nzima, kisha naiambia Jellyfin isome upya. Kabla ya hapo nanakili folda yote pembeni, maana ukibadilisha neno vibaya unaharibu yote kwa pamoja.

Zimebaki kanda ambazo hakuna hapa mjini anayewatambua watu wake. Hizo nimezipa lebo moja, "waulize wazee". Desemba ukoo ukikusanyika nafungua lebo hiyo kwenye TV, nasimamisha picha, babu mkubwa anataja majina na mimi naandika palepale kwa simu. Anayeanza sasa, aanze na kanda za namna hiyo, hizi za simu zinaweza kusubiri.