Bodi yangu ya kwanza ya mawimbi: nilivyokosea na nilivyopata inayonifaa

Naishi Mbeya mjini, na bahari iko mbali, zaidi ya kilomita 800 kwa basi. Maji ninayotelezea mawimbi, nikisimama juu ya bodi, ni Ziwa Nyasa, pale Matema. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini husafiri kwa urefu wa ziwa, zaidi ya kilomita 500, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa, kwa hiyo ukitufikia umeshajenga mawimbi. Si ya bahari. Ni mafupi, yanafuatana haraka na msukumo wake ni mdogo. Anayejifunza yanamtosha, mradi bodi iwe sahihi.

Yangu haikuwa sahihi. Niliinunua Dar kwa mtu aliyekuwa anahama, Sh 180,000: futi 6 na inchi 2, nyembamba, ncha kali, nyeupe inayong'aa. Niliipenda kwa macho. Wikiendi nne sikusimama hata mara moja. Nikiilalia inadidimia, na nikipiga maji kwa mikono wimbi linapita chini yangu na kuniacha palepale.

Wikiendi ya nne mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu pembeni, aliniita. Nikamwamkia, akaishika ile bodi, akaigeuza. "Mwanangu, mtumbwi mwembamba ni wa mtu aliyekulia majini. Wewe anza na mpana."

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kununua. Bodi huandikwa ujazo wake kwa lita, na kila lita inayozama kwenye maji yasiyo na chumvi hubeba takribani kilo moja. Yangu ilikuwa lita 32. Mimi nina kilo 74. Maji ya chumvi hubeba zaidi kidogo, kwa hiyo sisi wa ziwani tunahitaji ujazo mkubwa kuliko hata wenzetu wa pwani. Kama bodi haikuandikwa lita, angalia urefu, upana na unene kwa pamoja. Urefu peke yake unadanganya.

Kuna jambo jingine lililoniuma. Bodi ilipata ufa kwenye buti la basi, nikaipeleka kwa fundi anayeziba bampa za magari kwa faiba. Alimimina gundi yake ya kawaida, na mbele ya macho yetu tundu likapanuka hadi likawa la ngumi. Bodi nyingi za epoksi, yaani zilizofunikwa kwa gundi ngumu ya aina hiyo, zina povu jeupe ndani, kama lile linalofungiwa televisheni mpya, na gundi ya poliesta, ile ya fundi wangu, huliyeyusha. Lazima kuziba kwa epoksi. Muulize muuzaji ndani kuna nini kabla hujalipa.

Ya pili ni ya juu laini, ya sponji: futi 8, upana inchi 22 na nusu, unene inchi 3 na robo, lita 86. Sh 350,000, imetumika. Asubuhi ya kwanza nilisimama mara tatu, nilihesabu! Ikikugonga kichwani haikuumizi kama ile ngumu, na mapezi yake ni ya plastiki laini, jambo kubwa kwangu kwa sababu watoto wa Matema huogelea karibu.

Kasoro pia inazo. Ni nzito kugeuza, inashika upepo ukiibeba ufukweni, na juani ngozi ya juu huanza kuachana na povu, kwa hiyo naiweka chini ya mwembe. Kamba ya kuifunga bodi mguuni iliyokuja nayo ilikuwa imechakaa, nimenunua nyingine. Basi la Kyela hunitoza kama mzigo wa gunia mbili, na sasa naizungushia godoro jembamba kabla haijapanda.

Usiingie karibu na mdomo wa mto bila kuwauliza wavuvi kwanza. Mamba wapo, na wao ndio wanaojua wameonekana wapi wiki hiyo.