Skuta za Kitaliano za zamani: ipi ununue, ipi uiache

Zanzibar skuta yoyote huitwa vespa, hata ikiwa imetoka Japani. Hapa nazungumzia Vespa yenyewe ya Pontedera, pamoja na mpinzani wake wa Milano, Lambretta. Nazipanga kwa ajili ya mtu anayetaka kuendesha, si kupamba sebule.

Vespa ilichorwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege asiyezipenda pikipiki. Akaifunika injini, akauondoa mnyororo, na gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu, kama la ndege, ili tairi libadilishwe upesi. Hataza ilisajiliwa Aprili 1946. Fremu hakuweka: bati lenyewe ndilo fremu. Kwa hiyo injini iliyokufa fundi huifufua, lakini sakafu ikiliwa na kutu, skuta nzima imeliwa. Nenda na sumaku. Pasiponasa, chini ya rangi pana puti.

Ya kwanza kwangu ni Vespa PX, iliyoanza 1977. Imetengenezwa miaka mingi, spea zake hazisumbui, na yenye injini ya cc 200 hubeba watu wawili mlimani bila kulia. Injini ni ya mipigo miwili. Kama haina tangi lake la oili, changanya oili asilimia 2 kwenye petroli.

Ya pili, Primavera 125 ya 1968. Nyepesi, hupenya foleni. Abiria mnene atalalamika.

Ya tatu ni Lambretta Li 150, na hapa moyo wangu unabishana na mfuko. Ni ndefu, nzuri kuliko Vespa yoyote (wabishi waje), na injini yake imekaa katikati, haining'inii upande wa kulia kama ya Vespa. Chini ina fremu ya bomba, hivyo vibati vya pembeni vikioza unabadilisha tu. Lakini Innocenti, kampuni ya Lambretta, waliacha kuunda skuta mwanzoni mwa miaka ya 1970, mitambo ikauzwa India. Iliyo nzima ni ghali.

Vespa 98 ya 1946 waachie wenye makumbusho.

Jihadhari na zinazong'aa kutoka Vietnam kwa bei ya kutupa: nyingi zimeungwa vipande vya skuta tofauti. Kwenye PX soma herufi zilizogongwa. P200E, yaani PX ya cc 200, bodi huanza na VSX1T na injini VSX1M. 125 ni VNX1T na VNX1M. Ukikuta VNX1M ndani ya bodi ya VSX1T, unauziwa 125 kwa bei ya 200.